Kilima Kando ya Mlango Wangu

Bravin,

Funga mbuzi. Na hiyo damu kwenye stesheni uliyojenga, ifute kabla haijaingia kwa mota ya treni yako ya mchezo. Ni ya baba yako. ~~Ugali na omena ziko jikoni.~~ Ugali hakuna. Mwiko umevunjikia mgongoni mwa mjomba wako Ongeri.

Hii boma yetu uliyojenga kwa maboksi kando ya reli ni nzuri, hata nyumba yangu niliitambua mara moja. Lakini nani alikutuma kuweka kilima cha udongo mwekundu kushoto kwa mlango wangu, pale mke huzikwa? Mimi najua ni cha treni kupita chini yake. Mjomba hakujua. Ulipoenda sokoni Rodi kununua gundi, alikuja kunywa chai, akakiona, akamuuliza baba yako kwa nini dada yake amechimbiwa kaburi akiwa hai.

Baba yako angemwambia tu ukweli. Badala yake alicheka, akasema, "Afadhali kujipanga mapema."

Mjomba akachukua rungu. Mdomo wa baba yako ukapasuka, meno yakaanguka kwenye reli, naye akaangukia miti yako yote ikalala.

Nampeleka baba yako hospitali. Mjomba nimemfungia chooni, usimfungulie hata akilia.

Kilima hakikuvunjika. Nimekihamisha kulia kwa mlango, pale mume huzikwa. Tukirudi, mwonyeshe baba yako. Nataka kuona kama atacheka.

Mama