Mupaka Ilimeza Kaburi Yangu

Mupenzi Maman Adélaïde wa radio, nakuomba musaada, mimi Papa Zagabe wa kando ya Lwiro, na barua hii nimeandika na mukono yangu mwenyewe, juu hakuna mutu anajua kilima chetu kunipita, ata ngombe za kule zinanijua, na kule chini kidogo ya chemchem, penye unaona ziwa yote, njo nilijijengea kaburi yangu mapema, ya simenti na makaro nyeupe, vile vigae vya kungaa, ata padri wetu hana ya vile. Alafu chefu wa kijiji akaitisha mukutano, tutunge sheria ya kulinda kilima, majani na miti, watu wasijenge kule, na komite ikaniomba mimi nionyeshe mupaka, nikatembea mbele na fimbo, na kusema kweli mupaka ilikuwa ya kukomea ku chemchem, lakini jirani yangu Anaclet alitaka kupandisha nyumba ya etaje, ya gorofa, pale chini ya kaburi yangu, anizibie ziwa, eti anipite, basi nikasukuma mupaka mpaka ikameza parseli yake, kiwanja yote, watu wakapiga makofi, wakanipa karatasi, nikaiangalia sana kama mwenye kusoma, lakini sikusoma ata mustari moja, nikasaini. Kumbe wameandika "kitu chochote cha simenti ndani ya mupaka kivunjwe", na kaburi yangu nayo iko ndani! Juzi Anaclet ananiambia mbele ya watu: "Papa Zagabe, mi nimeacha etaje yangu. Wewe utavunja chumba yako ya kulala lini?" Chefu amenipa wiki mbili. Bibi yangu Eulalie, mama ya watoto yangu, anacheka mpaka anakaa chini. Maman, umwambie chefu kaburi haiko nyumba!

JIBU

Papa Zagabe, pole. Kutaka kulala ku udongo yako haiko zambi. Lakini kwa chefu sitaandika kitu. Kaburi haiko nyumba, sawa, lakini wewe ungali unakula bugali, kwa hiyo ile haiko kaburi pia, ni simenti tu. Ulitaka sheria ikamate jirani, na ikifika kwako ifunge macho? Aibu, papa!

Kesho uende kwa chefu pamoja na Anaclet. Useme wazi: "Mupaka inakomea ku chemchem, mi niliisukuma juu ya wivu." Alafu uvunje makaro yako wewe wa kwanza, ndipo umuombe Anaclet aache etaje kwa mapenzi yake. Umuombe vizuri, bila fimbo. Akikubali, kilima inabakia muzima, na siku yako ikifika watakuzika pale pale, ku majani, bila simenti, unaangalia ziwa. Akikataa, utalala milele ukiangalia kaptula zake zinakauka ku balkoni, na hapo usiniandikie tena.