Niliyetumwa Kusikiliza

Jumatatu, 1 Februari 1988

Chaki zimeisha tena. Watoto wameandika herufi mchangani kwa vijiti na wamefurahi kuliko siku zote. Nimefunga nasari saa sita nikapitia shambani.

Tuta la juu limekwisha. Wanawake walinichimbia Ijumaa nikiwa mkutanoni. Limenyooka vizuri, na udongo umetupwa upande wa juu inavyotakiwa. Mimi peke yangu ningelichimba mpaka mvua inikute.

Hayo ndiyo makubaliano ya mwethya wetu, kundi la kusaidiana kazi, mwaka huu. Kila siku ya kazi tunahamia shamba la mmoja wetu, tunachimba matuta kabla ya mvua ya mwezi wa tatu. Kukiwa na mkutano wa wanaotaka ubunge, mimi naenda kusikiliza, na kundi linanihesabu kama nimechimba. Nikirudi nawaambia nani amesema nini. Nilichaguliwa kwa sababu najua kuandika. Na kwa sababu, alivyosema Syokau mwenyekiti wetu, mimi simpendi mtu yeyote. Alikusudia kunisifu.

Swali lao ni moja tu, maji. Kanini, ambaye punda wake alikufa Oktoba na sasa anabeba mtungi mgongoni na mtoto kifuani, huniuliza kila tunapokutana. Nani ataleta maji kabla ya Juni? Namwambia bado nasikiliza.

Miguu inauma.

Jumatano, 3 Februari

Mkutano sokoni Kanyangi. DO, mkuu wa tarafa, alisimamia, wagombea wote watatu wakapewa zamu. Jua kali. Nilikaa kwenye jiwe saa tatu nzima.

Majina yao sitayaandika. Daftari huanguka mikononi mwa watu. Wa kwanza namwita Mbunge, kwa sababu ndiye aliyeko. Wa pili Mwenye Malori. Wa tatu Bwana Kilimo, alikuwa afisa wa kilimo upande wa Mbooni kabla ya kustaafu.

Maji. Mbunge: bomba kutoka milimani, liko njiani. Lilikuwa njiani nilipoolewa. Sasa mimi ni mjane na binti yangu Mwende yuko kidato cha pili, na bado liko njiani. Mwenye Malori: atachimba kisima cha mashine. Nikatuma mtu amuulize wapi. Akajibu sokoni kwake, watu wote watakaribishwa. Sokoni kwake ni mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Bwana Kilimo: sikumsikia vizuri. Ana sauti ya mtu anayesoma risiti.

Barabara: wote watatu wataitengeneza. Hospitali: wote watatu wataijenga. Katika hayo hakuna cha kulinganisha.

Ijumaa, 5 Februari

Mkutano huko Kwa Vonza, nimeenda na kurudi juu ya lori la mbuzi. Nanuka.

Mwenye Malori aligawa leso. Nilichukua moja. Nilitumwa kusikiliza, sikuambiwa nisichukue leso.

Leo nilikaa mbele ili nimsikie Bwana Kilimo. Kijana mmoja alimuuliza atawaletea nini. Akasema, "Maji sitawaletea. Maji yanapita hapa kwenu kila mwaka, na nyinyi mnasimama mkiyaangalia yakienda."

Watu walicheka, wengine wakazomea. Akaendelea vilevile bila kupandisha sauti. Anataka kujenga ukuta kukatiza mto wetu mkavu, pale penye mwamba. Mvua ikija, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga mpaka ukame uishe. Saruji atatafuta yeye. Mawe tutabeba sisi. Asiyebeba mawe asimtafute.

Hajui kuomba kura huyu mtu. Hata maikrofoni aliishika vibaya. Sikumpenda. Lakini ni yeye tu aliyetaja mto wetu kwa jina, na akajua mwamba uko wapi.

Jumapili, 7 Februari

Kanisani mchungaji aliomba amani wakati wa uchaguzi. Aliomba muda mrefu hata nikasinzia. Baada ya ibada wanawake walinizunguka. Niliwaambia juu ya ukuta. Syokau akauliza kama kuna mtu aliyeuona ukuta kama huo kwa macho yake. Hakuna.

Dada yangu ameolewa Kikima. Bwana Kilimo alifanya kazi upande ule. Kundi limeamua niende nikaone, siku mbili, nazo zihesabiwe. Sikutaka kwenda. Magari mawili, mlima, vumbi. Nimekubali kwa sababu Kanini alikuwa ananiangalia.

Jumamosi, 13 Februari. Kikima

Upo.

Shemeji alinipeleka asubuhi. Ukuta haufiki kichwani mwangu, na umejaa mchanga mpaka juu. Mtu angepita bila kugeuka. Nilipiga magoti nikachimba kwa mkono. Sikufika kwenye kiwiko, maji yakaja. Februari. Nikayanywa. Nikakaa pale chini nikalia kidogo, shemeji akajifanya anaangalia ng'ombe.

Niliwauliza wenyeji juu yake. Hawamsifu sana. Mkali. Mzee mmoja alinyimwa saruji kwa sababu hakuleta mawe, na bado ana kinyongo, ananuna huku akichota maji ya ukuta huohuo. Nilimuuliza kama angempigia kura. Akasema kura angempa, ila chakula hangekula naye.

Hilo limenitosha. Ukurasa wangu wa kuwalinganisha hao watatu umekwisha, najua jibu.

Jumanne, 16 Februari

Nilitaka kuwaambia leo tukichimba kwa Syokau. Sikupata nafasi. Chifu alikuja na askari wake wawili, akaketi kivulini mpaka tukamaliza. Alisema amekuja kutazama kazi nzuri ya akina mama. Alitukumbusha kwamba mkutano usio na kibali ni kosa. Sisi tulikuwa na majembe mikononi, mkutano gani?

Sasa tunajua jinsi mambo yatakavyokuwa Jumatatu, siku ya mchujo wa chama. Hakuna karatasi. Wenye kadi ya chama watapanga mlolongo nyuma ya picha ya mtu wao, mchana, mbele ya kila mtu, na kuhesabiwa. Mmoja akiwapita wenzake mbali sana, ameshachukua kiti. Wakikaribiana, ndipo Machi tutapiga kura ya siri kwenye sanduku. Kwa hiyo Jumatatu hatuhitaji kushinda. Tunahitaji tu mlolongo wa Bwana Kilimo usiwe mfupi mno.

Chifu alipokwenda kujisaidia, Syokau alininong'oneza. "Usiseme kitu hapa. Jumatatu tutakuangalia wewe. Pale utasimama, hapo ndipo tutasimama."

Nikaitikia kwa kichwa. Ilionekana rahisi.

Alhamisi, 18 Februari

Barua ya Mwende. Amekuwa wa nne darasani. Anauliza kama nitakuja siku ya wazazi.

Hakuna kingine. Nimechoka, na nyumbani hakuna maji ya kufulia.

Jumamosi, 20 Februari

Chifu ameniita ofisini. Chai, mkate, kiti cha mto. Aliuliza habari za Mwende, anajua hata kidato. Hakupandisha sauti hata mara moja. Naandika alichosema kama alivyosema.

"Mwalimu, nasikia unazunguka mikutano na kalamu. Ni vizuri mtu akijua mambo. Lakini ile funguo ya nasari iko kwa kamati, na kamati inakaa hapa kwangu. Jumatatu mimi nitakuwa pale kwa geti. Sitasema kitu. Nitaona tu."

Nikamaliza chai. Nikasema asante. Nilisema asante kweli, nachukia kuandika hivyo.

Bila mshahara wa nasari hakuna karo, Mwende anarudi nyumbani. Sina mume, sina ng'ombe, nina shamba la matuta matatu na mvua isiyoaminika. Nimepiga hesabu hiyo njia nzima na jibu halibadiliki.

Jumapili, 21 Februari

Syokau alikaa benchi moja nami. Nilikuwa na ibada nzima ya kumwambia. Ningesema, msiniangalie mimi kesho, simameni kwa Bwana Kilimo, mimi nitasimama kwingine kwa sababu ya mtoto wangu. Maneno machache tu. Angeelewa. Yeye mwenyewe amelea sita.

Sikusema. Niliona aibu. Pia niliogopa kwamba akijua atamwambia mwingine, na mwingine amfikie chifu. Nikajiambia labda wamesahau. Nikajiambia kila mtu ana macho yake.

Mimi ni mwoga. Najua tangu zamani, ila sikuwa nimewahi kuhitaji kuliandika.

Jumatatu, 22 Februari

Uwanja wa shule ya msingi. Mawakala watatu wameinua picha tatu. Bwana Kilimo kwenye picha amefunga tai imemkaba, ana uso wa mtu anayedai haki yake. Nyuma yake wazee wachache na mwalimu mmoja mstaafu.

Chifu alikuwa getini kama alivyosema. Alinisalimia kwa jina la Mwende, Mama Mwende, kwa upole.

Niliwaona wenzangu kwenye ua. Walikuwa wametoka mtoni moja kwa moja, mitungi imepangwa chini. Wote walikuwa wanaangalia kwangu. Nikapita. Nikaenda nikasimama nyuma ya picha ya Mbunge. Niliangalia mgongo wa mtu aliye mbele yangu, shati la kaki lenye kiraka.

Kisha nikasikia ndala. Syokau akaja nyuma yangu, pumzi yake shingoni kwangu. Nyuma yake Kanini na mtoto. Nyuma yao wengine wote, zaidi ya thelathini, hakuna aliyebaki uani.

Syokau akasema polepole, "Basi ni bomba. Umeona kitu sisi hatukukiona."

Nilitakiwa kugeuka. Ilikuwa bado nafasi, mhesabuji alikuwa kwenye mlolongo wa Mwenye Malori. Ningesema neno moja tu, wao wangehama na mimi ningebaki. Chifu alikuwa ametoka getini, anatembea kandokando yetu mikono nyuma, anatabasamu. Mhesabuji akafika. Akanigusa bega kwa fimbo, akamgusa Syokau, akamgusa Kanini. Mtoto alitaka kuishika fimbo.

Kwa Bwana Kilimo hakuchukua muda. Wazee wale walitawanyika wakijipangusa vumbi.

Jumanne, 23 Februari

Redio imesema. Mbunge amewapita mbali, kiti ni chake. Machi sisi hatutapiga kura ya siri, hakuna wa kushindana naye.

Sijui vituo vingine vilikuwaje. Huenda tungesimama sote kwa Bwana Kilimo na bado tukose. Nimejaribu kujifariji na hilo tangu asubuhi na halishiki.

Katibu wa kamati ameniletea boksi la chaki. Watoto walipiga makofi.

Alhamisi, 25 Februari

Walikuja leo shambani kwangu kumalizia tuta la chini. Nilikuwa nawadai nini tena? Hakuna. Ila zamu ni zamu, na waliona nimefanya kazi yangu. Kanini alifika wa kwanza. Alikuwa amechota usiku, mtoni sasa foleni ni ndefu na mashimo yameingia chini kupita urefu wa mtu. Akaniuliza bomba litaanzia upande gani, apande migomba yake wapi.

Niliacha kuchimba. Niliwaambia wote, nikiwa nimesimama ndani ya mtaro.

"Ukurasa wangu ulisema Bwana Kilimo. Ukuta niliuona, maji yake niliyanywa. Nilisimama kule kwa sababu chifu alinitisha na nasari."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Kanini akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akachukua jembe lake akaenda zake kwa njia ya mtoni. Syokau akaanza kuchimba, na wengine wakaanza. Tulichimba mpaka mwisho wa mstari bila wimbo. Huwa tunaimba.

Tuta limekwisha. Ni zuri kama lile la juu.

Walipokuwa wanakung'uta majembe, Syokau alinijia. Sikuona hasira usoni kwake, uchovu tu. Alisema, "Wakati mwingine hatutatuma mtu. Tutaenda wote tukasikie, matuta yatangoja." Nikasema ndiyo. Nilitaka aniambie kwamba angefanya kama mimi. Hakusema hivyo, na sikumuuliza.

Kesho ni shamba la Kanini. Nimeambiwa nifike mapema na jembe, kama kila mtu.