Jiwe Jekundu Kwenye Pindo la Koti

Butembo, Jumanne jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na moyo wangu haujatulia.

Leo mume wangu Kambale amepanda lori kwenda Beni, kumchukua mama yake kabla vita havijafunga barabara. Kwenye pindo la koti lake la kijani nilishona kwa siri hereni ya marehemu bibi yangu. Ni ya grenati, jiwe jekundu lililokolea kama haragwe. Bibi alipewa zamani kule Lubero na mama wa Kizungu. Alituambia grenati humrudisha msafiri nyumbani, na kwamba hufifia hatari ikikaribia. Mchungaji wetu angesema ni ushirikina. Najua, lakini nilishona.

Halafu nikaharibu.

Nilikwenda kwenye fonie kumwomba wifi yangu Masika, aliyeko Beni, aitoe hereni ile Kambale akifika. Fonie ni redio: unachosema husikika chumba kizima, na kwa kila mwenye redio njiani. Nami nikapaza sauti: "Masika, angalia mu pindo ya koti ya vert ya Kambale! Niliweka jiwe nyekundu!"

Mfanyabiashara mmoja akageuka kwenye foleni. "Mama, ni matière?"

Matière huku kwetu ni madini, na kwa ajili ya madini wanajeshi humshusha mtu garini.

"Hapana, papa, ni ya masikio tu," nikasema. Hakuna aliyeniamini. Mdomo huponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe si changu.

Mchana kutwa sikula. Nilijaribu kuomba, nikawa namwonea Mungu haya.

Jioni Masika ameita kwenye fonie. "Kambale amefika. Iko muzima!"

Nimepiga vigelegele mbele ya watu wote, bila aibu. Nilikuwa bado nacheka aliposema: "Lakini koti hapana. Mu lori alivalisha mwalimu mumoja mwenye alikuwa anatetemeka na malaria. Basoda balimushusha ku barrière, yeye tu. Hatujue sababu."

Mimi naijua: wanajeshi pale kizuizini walikuwa wakitafuta koti la kijani.

Mume wangu yuko salama na bado nafurahi, na hicho ndicho kinachoniumiza. Kukipambazuka nitakwenda kwenye kizuizi kile. Nitawaambia jiwe ni la bibi yangu na kosa ni langu. Naogopa, na hata jina la mtu nitakayemuulizia silijui.