Mitungi ya Jumanne

Mandalay

Kaka Thiha,

Sisi wazima, ila joto limetukomesha. Kuku wako katotoa vifaranga saba.

Leo Mama alipotea. Tulia, kapatikana. Nilirudi kutoka sokoni mapema nikakuta hayupo, nikazunguka mtaa mzima nikilia. Kumbe yuko kwenye nyumba yetu tuliyoiuza, anajaza maji ya wapita njia kwenye mitungi ya pale nje, kama alivyozoea miaka thelathini.

Nikamwomba radhi mwenye nyumba wa sasa, Daw Ohn Myaing, ambaye hata hatujazoeana naye.

"Radhi ya nini, mwanangu? Huja kila Jumanne, akimaliza namrudisha mpaka mlangoni kwenu."

"Lakini anakusumbua."

Akaninong'oneza, "Hiyo mitungi huwa naijaza alfajiri. Jumanne tu ndiyo naiacha, aikute mitupu."

Mama akanigeukia, mkali kama zamani. "Wewe umesimama tu? Lete ndoo, watu wana kiu!"

Nikaleta ndoo, kaka, huku nacheka na machozi yananitoka.

Lile kufuli la mlango nililokuagiza ili Mama asitoke peke yake, usilitume tena.

Mdogo wako,
Nwe Yin