Ng'ombe Kwenye Mteremko wa Jua

Los Ñires, Aysén
9 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Rosamel,

Pokea salamu zangu tele huko Punta Arenas. Hujambo wewe, Jovita na watoto? Na mgongo wako, bado unakusumbua? Sisi tupo, tunajikongoja. Mume wangu Eliseo anakohoa tangu Juni, nami magoti yamegoma. Nimechoka, ndugu yangu, sikufichi.

Theluji ya mwaka huu haina adabu. Imefika madirishani, hata kuni tunazichimbua kwa sepetu. Nyasi zimebaki mahali pamoja tu, ule mteremko unaotazama kaskazini, ambako jua hupiga.

Na huko ndiko huemul, kulungu wetu wa milimani, hushukia. Unamkumbuka yule kulungu jike mwenye sikio lililochanika? Mwaka huu alikuja na mtoto. Walikuwa wakinitazama nikiteka maji, wala hawakimbii. Huo ndio ujinga wao: aje mtu, aje mbwa, wao husimama tu wakashangaa.

Kama alivyofanya marehemu baba kila baridi, Eliseo alitaka kufungua lango ng'ombe wajitafutie. Nikamwambia, "Mwenzangu, safari hii usifungue. Kule juu wapo wale wawili." Akacheka. "Otilia, kulungu atakupa maziwa? Ng'ombe wa shemeji wakifa, utamwambia nini?" Na kweli, ng'ombe wako tunaokutunzia ndio wengi kuliko wetu. Akaenda akafungua lango.

Ng'ombe wakapanda wote, na mbwa nyuma yao. Wiki haikuisha, mteremko ukawa tope na kinyesi. Kulungu hawachangamani na ng'ombe. Wakahamia kwenye majabali ya kivulini, ambako hakuna cha kula ila kuvu za mawe na barafu. Nilikuwa nawaona kwa mbali, mama mbele, mtoto nyuma, anazidi kukonda. Jamani, moyo uliniuma!

Jumapili nikasema, "Leo nawashusha ng'ombe, utake usitake." Eliseo akafoka, "Utawalisha nini, sketi yako?" Nikavaa buti nikapanda. Katikati ya njia nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Ni yeye, na kikohozi chake, anaitukana theluji. Tuliwashusha wote.

Sasa wako zizini, wanakula majani makavu niliyoweka akiba kwa ajili ya mwisho wa baridi. Hayatoshi, Rosamel. Wale wako, ama njoo uwachukue barabara ikifunguka, ama niruhusu niwauze wangali na nguvu. Ukikasirika, kasirika, lakini mteremkoni hawarudi.

Jana asubuhi jike alirudi. Alisimama juani, akala kidogo, akageuka kutazama majabali, akala tena. Nilingoja dirishani mpaka kinywaji kikapoa mkononi. Alikuwa peke yake. Tulichelewa, ndugu yangu, na hata nguvu za kulia sina.

Nisalimie Jovita, na shangazi Clorinda mwambie soksi zake zimenifaa sana. Mungu awape moto usiozimika na afya ya kuuota.

Mimi dada yako nikupendaye, hata ukininunia,
Otilia