Dume Aliyefia Kwenye Tanipu Zako

Kwa baba yetu, Orrin Tveit

Umetimia mwaka, Baba, tangu Septemba ile ulipoanguka ukingoni mwa shamba ulilowapandia kulungu wa mwituni, mfuko wa mbolea ukiwa bado begani.

Tangazo hili la kumbukumbu limechelewa siku nne, na si kwa uvivu. Mdogo wako Lowell alimpigia Mama simu, akaomba jina lake liwemo kati ya wanaokukumbuka. Mama, Arlene wako, hakutaka hata kulisikia.

Mkono wako haukujua kufumba. Theluji ilipoanguka usiku, njia ya jirani yetu mjane ilikuwa imesafishwa kabla hajaamka, nawe ukikana kuwa ni wewe. Kahawa ulikunywa ya jana. Ya leo, ulisema, bado haijatulia.

Na hizo figili na tanipu, mizizi minene ya jamii ya kabichi! Umri miaka sabini, magoti yamechoka, ukapima udongo, ukamwaga chokaa, ukangoja mvua ya Agosti ndipo urushe mbegu kwa mkono. Mwaka wa kwanza kulungu walipita kando kana kwamba umepanda mawe. Hawakuijua ladha yake. Wa pili vivyo hivyo, tanipu zikaoza ardhini mpaka harufu ikaingia jikoni. Lowell, ambaye ardhi yake inapakana na yako, aliegemea uzio akacheka.

"Kaka, umepika karamu na wageni hawana habari! Wapelekee basi kadi za mwaliko."

"Cheka tu," ukamjibu. "Mvumilivu hula mbivu."

Mwaka wa tatu mbivu zilikuja, Baba, nawe hukuwepo. Sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilipopiga mwezi wa Oktoba ikayaondolea majani uchungu, kulungu walifika kumi na mmoja, wakala mpaka wakafukua mizizi kwa kwato. Mama aliwaona kupitia dirisha la jikoni akalia, kwa sababu hakuwa na wa kumwambia.

Lowell naye aliwaona. Huku kwetu Wisconsin ya kaskazini mtu hajengi dungu lake la kuwindia mpakani, likitazama shamba asilolipanda yeye. Sheria haimkatazi; huzuiwa na aibu tu. Lowell alilihamisha lake wiki sita baada ya kukuzika, likawa hatua nane kutoka uzio wako. Asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda tulisikia mlio mmoja wa bunduki. Kisha hodi mlangoni.

"Shemeji, nimempiga dume upande wangu, amekimbia amekuja kufia kwenu. Naomba nipite nimchukue."

"Alikuwa anakwenda kula kwa nani, Lowell?"

"Sasa shemeji, kulungu si hana mwenyewe?"

"Shamba linaye. Haya, pita. Nyama haina kosa."

Jioni alileta paja, akaliacha ngazini bila kubisha. Mama alitaka kulitupa, kisha akalikaanga kwa vitunguu, maana wewe hukuwahi kumwaga chakula. Tulilila, Baba. Lilikuwa laini, limenona kwa tanipu zako. Pembe za dume huyo, zenye ncha kumi, Lowell amezitundika sebuleni. Wageni anawaambia alizingoja miaka mitatu.

Agosti hii hakuna aliyepanda. Mwanao Signe alikuwa tayari amenunua mbegu, Mama akamzuia. "Bora magugu," alisema, "kuliko kumnenepeshea mtu kulungu." Tumeona uchungu, maana tunajua ungepanda.

Unakumbukwa na mkeo Arlene, wanao Signe na Merle, mkweo Corliss, na mjukuu wako Thora, ambaye bado anauliza ni nani atakayekunywa kahawa ya jana.

Jana Mama alituita mezani. "Mwandikeni naye," alisema. "Ni damu ya baba yenu. Ila mwandikeni wa mwisho, asije akadhani amesamehewa."

Na mdogo wako, Lowell.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Wala lile dungu hatutalisahau.