Pori Halina Mkono

Papa wangu mpenzi,

Leo ni Jumapili, misa imekwisha, na mimi nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yako, ninakuandikia huku nikimwangalia mama. Simwondolei macho hata kidogo. Sababu nitakuambia, lakini kwanza niache nikukumbushe mambo yetu, maana wewe ulikuwa mtu wa kusahau kila kitu isipokuwa hasira zako.

Na hasira ulikuwa nazo, Papa! Mnyororo wa baiskeli ukitoka, uliutukana kama mtu mzima mwenzako. Kuku alipotaga ndani ya kofia yako ya kazi, ulitununia sisi, siyo kuku. Redio uliiegemeza sikioni kila jioni, na betri zake zilikufa palepale habari zinapoanza.

"Hii redio nayo iko serikali?" ulifoka siku moja. "Inafungua kinywa, halafu haisemi kitu!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hata wewe ulicheka, ingawa ulijifanya unakohoa.

Ulikuwa kapita, msimamizi wa watengeneza njia, upande ule ambako vilima vya Nyabiondo vinaishia na pori la kwenda Walikale linaanza. Daraja la mto wetu lilikuwa mzigo wako. Baada ya uhuru mbao zake zilioza, yakabaki magogo mawili tu yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ulipanda baiskeli mpaka ofisi ya teritware, kwa wakubwa wa wilaya, kuomba mbao, ukarudi na neno moja: ngojea. Ulikwenda tena. Ngojea. Malori ya maharagi yaligeuza na kurudi Sake, watu wa ng'ambo walikaa na ndizi zao zikiiva na kuoza, na matusi yote yalikuangukia wewe.

"Uhuru ilifika Léo, kwenye mji mukubwa," ulimwambia mama, "lakini haikupata mbao ya kuvukia mpaka huku kwetu. Niko nangojea tangu bazungu baende! Nitangojea mpaka wapi?"

"Weye Papa Sifa," mama alikujibu akichambua maharagi, "hata hii maharagi ungeipiga fimbo ili iive mbio."

Jumapili peke yake ndiyo ilikuwa yetu. Baada ya misa ulivaa viatu vyako vya mpira wa gari, vile ulivyoshonewa Masisi, na tukaenda sote watatu kutafuta uyoga pembeni ya pori. Viatu vile viliacha alama za tairi kwenye matope, nami nilikuwa nikizifuata nyuma yako na kusema kuna gari dogo limepita. Uliniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Ulinichomea uyoga ndani ya jani, ukaupuliza upoe, na ukaona pia unachelewa kupoa. Lakini ulinilisha kwa mkono wako, na ladha ile bado ninayo.

Mama ni mtoto wa Walikale, wa watu wa pori, na sheria za huko alikufundisha wewe mtu wa vilima kama unavyofundisha mtoto. Porini hatuitani kwa kinywa. Ukimpoteza mwenzako, unagonga mti kwa kipande cha kuni, naye anagonga kukujibu. Sauti bila kugonga haijibiwi, hata ikikuita kwa jina.

"Pori inaweza kuchukua sauti ya muntu," mama alisema. "Lakini haiko na mukono."

Uliguna tu, ila uligonga. Mama aligonga mara moja, taratibu. Mimi mara mbili. Wewe uligonga mbili za haraka, kisha ukanyamaza, kisha moja nzito, kama mtu aliyerudi kufunga mlango kwa hasira. Hata ukungu ukiwa mzito kiasi gani, tulijua Papa yuko wapi.

Jumapili ile ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha kwenye vilima, na mto ulisikika kutoka mbali. Kikapu kilikuwa karibu kujaa. Ndipo tukasikia sauti kutoka darajani, sote watatu tukaisikia:

"Kapita! Mbao imefika!"

Ilikuwa sauti nzuri, Papa. Ya mtu mwenye furaha. Nilikuona ukinyooka mgongo, na uso wako ukawa wa kijana. Mama aliokota kuni akagonga mti, akangoja. Hakuna aliyegonga. Akagonga tena. Hata ndege walikuwa wamenyamaza.

"Usijibu," mama alisema. "Huyu haiko na mukono."

"Wee mwanamuke! Nangojea hii mbao miaka yote, leo inafika, njo unaniambia nisijibu?"

Ukaweka mikono kinywani, ukapiga kelele: "Nakuya!" Kisha ukaenda mbio. Sikuwahi kukuona ukiwa na furaha namna ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulipofika darajani hapakuwa na lori, wala mbao, wala mtu. Maji yalikuwa yamepita juu ya magogo. Alama za viatu vyako ziliteremka mpaka kwenye maji. Na ng'ambo, kwenye matope mabichi, zilitoka tena, zile zile za tairi, zikapanda kuelekea porini. Mama alinifunika macho, lakini nilikuwa nimekwisha kuona.

Watu walisema yao. Wengine walisema wanajeshi wa kambi ya Mubambiro walikuchukua kwa sababu ya kinywa chako. Wengine walisema umekwenda kutafuta siasa. Maji yalipopungua, mjomba alivuka akafuata alama zako. Alirudi hataki kula. Alisema zinakwisha chini ya mti mkubwa, mguu kando ya mguu, kama za mtu aliyesimama kungoja.

Wewe, Papa, kungoja!

Tangu hapo unaita. Siyo kila Jumapili, ila ni Jumapili tu, sombe, majani yetu ya muhogo, ikiwa motoni. Sauti yako inatoka ng'ambo: "Mama Sifa! Kuya! Nimechoka kungojea!" Mama anachukua mchi, anagonga kinu mara moja, anangoja. Ukimya. Basi anaepua chungu, anatupakulia chakula. Sijui ni mara ngapi amefanya hivyo bila kulia. Lakini mwaka huu amezeeka ghafla. Juzi aliniambia: "Sauti yake iko inachoka. Jumapili moja nitaijibu." Ndiyo maana simwondolei macho. Nimekwisha kumpoteza baba kwa njia hii, na sina mama mwingine.

Sasa sikia habari. Mbao zimeletwa kweli. Lori lilitoka Sake, likazimwaga pembeni ya mto, na kapita mpya, kijana mmoja anayekaripia hata misumari, amemaliza daraja jana jioni. Ungempenda. Leo hakuna kazi. Tulikuwa naye misani pamoja na watu wake wote, na sasa wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa jirani. Nawasikia wanavyocheka.

Na hapa nilipofika kuandika, kuna mtu amegonga mbao za daraja.

Mbili za haraka. Kimya. Moja nzito.

Mama ameinua kichwa. Amechukua mchi, amegonga kinu mara moja. Daraja limejibu: mbili, kimya, moja. Mama amekuwa na uso ambao sijauona tangu nikiwa mtoto. Amesimama, anajifunga kitenge cha misa, na machozi yanamtoka huku akicheka.

"Iko na mukono, Sifa! Njo yeye, njo papa yako!"

Nimeshika pindo la kitenge chake kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unakuandikia. Nataka uwe wewe. Nimekutamani mpaka hasira zako nimezitamani. Lakini ninaogopa, Papa. Zamani pori halikuwa na mkono. Sasa miaka yote hii limekaa na wako.

Kwa hiyo mama haendi. Nitamshika mpaka jua lizame, hata akinilaani. Sombe imeiva, sahani yako iko mahali pake, mlango hatuufungi. Ulilalamika kwamba hakuna njia ya kufika huku kwetu. Leo ipo. Mbao zimefika, Papa. Ni mimi ninayekuita, kwa mkono na kwa kinywa.

Vuka wewe.

Mimi binti yako,
uliyemwita Mama